Bonsai (mti mdogo wa chunguni) ya mkuyu: mbolea ya NPK inaunguza majani

Swali: Wakuu, mkuyu wangu uko kwenye chungu cha kina cha sm 6, udongo kokoto tupu. Nikiweka punje za NPK 17-17-17, ncha za majani zinakauka. Nitumie nini?

Jibu 1: Chumvi ya mbolea imerundikana, mizizi inashindwa kunyonya maji. Mwagilia hadi maji yatiririke chini, rudia mara 3. Baadaye yeyusha gramu 1 ya NPK hiyo kwa lita ya maji, chuja, mwagia udongo ukiwa umelowa tayari, kila wiki 2.

Jibu 2: Kwenye kokoto mimi napendelea vidonge vya mbolea ya kuchachusha. Mashudu ya alizeti vikombe 7, unga wa mifupa 3. Kanda na maji kama ugali mgumu, weka kwenye ndoo wiki 4 hadi 6, mfuniko usikazwe, gesi itoke. (Harufu yake, majirani watakusema!) Finyanga vidonge vya sm 2, kausha juani mpaka ndani. Vinne vinatosha, ukingoni, mbali na shina. Vikiwekwa kabla ya kuchacha vinaleta funza na ukungu.

Jibu 3: Vifunike kwa wavu, panya wanapenda mifupa. Na kama umebadilisha udongo karibuni, subiri mwezi.