Kadensi inasoma nusu ya miguu yangu, tatizo nini?

Mkanyagaji wa Barazani:
Habari za jioni wakuu. Tangu masika yaanze sitoki barabarani, naendeshea barazani: baiskeli juu ya trena (kile kifaa cha kukanyagia baiskeli bila kusogea), laptopu kwenye kigoda, feni pembeni. Wati, yaani nguvu ninayokanyagia, ziko sawa, mapigo ya moyo yako sawa. Kadensi, yaani mizunguko ya pedali kwa dakika, ndiyo kichekesho. Nakanyaga vilevile, skrini inaandika 88, mara 44, mara 0, halafu inarudi 88 kana kwamba hakuna kilichotokea. Jana nimemkalisha binti yangu ahesabu goti la kulia kwa sekunde 30. Kapata 43, yaani 86 kwa dakika. Skrini wakati huohuo inasema 43! Sensa ninayo (siyo ile ya watu na makazi, ni kidude cha kuhesabia mizunguko), imefungwa kwa mpira kwenye mkono wa krenki, ule unaoshika pedali, betri ya CR2032 mpya kabisa.

Fundi Spoku:
Mkuu, ikisoma nusu kamili hivyo, naona namba haitoki kwenye sensa yako, inatoka kwenye trena. Trena nyingi haziioni krenki, zinakisia kwa misukumo ya miguu. Kila mzunguko una misukumo miwili, kulia na kushoto. Mguu mmoja ukiwa mlegevu, trena inaweza kuukosa na kuhesabu nusu. Fungua ukurasa wa kuunganisha vifaa, kwenye kadensi iondoe trena, zungusha krenki sensa iamke, kisha ichague. Wati ziache kwa trena.

Mkanyagaji wa Barazani:
Sensa haipo hata kwenye orodha.

Kilima cha Pugu:
Simu yako iko wapi? Sensa nyingi za Bluetooth, hasa za zamani, zikishashikwa na kifaa kimoja hazionekani kwa kingine. Mimi nilihangaika wiki mbili, betri nimebadilisha tatu, kumbe mwizi ni saa niliyovaa mkononi. Na kama unatumia ANT+ (njia nyingine ya kuunganisha bila waya), kile kidude chake cha kupokelea usikichomeke jirani na tundu la USB 3.0, linavuruga masafa yaleyale ya gigahezi 2.4. Tafuta waya wa kurefushia, kilaze chini karibu na pedali.

Mkanyagaji wa Barazani:
Ni simu, wakuu! Ina programu ya baiskeli niliyoisahau tangu mwaka jana. Nimezima Bluetooth yake, sensa ikatokea palepale. Binti kahesabu tena, 42, skrini 84. Nikisimama kwenye pedali bado inarukaruka, lakini ule mpira umelegea, kesho nakata kipande cha tyubu. Na mguu mlegevu ni kweli Fundi, wa kushoto, uliwahi kuvunjika. Sikujua trena nayo imeshaugundua.