Mjadala: Kibarua wa msimu anayepiga dawa shambani apimwe damu? Na nani alipie?

Wakuu habari zenu. Jana nimebishana mpaka usiku na jamaa yangu ana shamba la nyanya Ilula, vibarua wake wanakuja msimu ukianza wanaondoka ukiisha. Yeye anasema akishanunua gambuti, glovsi na barakoa kamaliza, habari ya kumpima mtu damu kuona kama dawa ya wadudu imemuingia ni kumtafutia mkulima hasara. Mimi nimekataa, naomba na nyie mseme.

Binamu yangu alipiga dawa msimu mzima na bomba la kubeba mgongoni linalovuja, kila jioni shati limelowa mgongoni. Siku moja kaanza kutapika, jasho, mate yanamtoka hovyo, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Zahanati wakampima malaria hamna, wakampa dawa ya malaria hivyo hivyo, hakuna aliyemuuliza unafanya kazi gani. Kakaa nyumbani siku kadhaa akapata nafuu halafu akarudi kwenye bomba lile lile.

Dawa za wadudu za kundi la oganofosfeti kama profenofosi na klorpirifosi, na zile za kabameti, zinabana kimeng'enya kinaitwa kolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuzima ishara ya neva ikishafika kwenye msuli au tezi. Kikibanwa, ishara haizimiki, ndo maana mate na jasho havikati. Na kinaweza kushuka taratibu mtu anajiona mzima kabisa. Shida kila mtu ana kiwango chake, kwahiyo kumpima mara moja akishaugua hakukuambii mengi, inabidi apimwe kabla ya msimu akiwa hajagusa dawa kama mwezi mzima, halafu katikati ya msimu ulinganishe. Jimbo la California kule Marekani wana sheria hiyo tangu 1974: kikishuka chini ya asilimia 80 ya kiwango chako cha mwanzo tajiri lazima akague kazi inavyofanyika, na kwenye chembe nyekundu za damu kikifika asilimia 70 kushuka chini unatolewa kwenye dawa mpaka kirudi 80. Jimbo la Washington, huko huko Marekani, wakaanza 2004, na huko anayetolewa mshahara wake unalindwa mpaka miezi mitatu.

Hapo kwenye mshahara ndo naona wengi tunaruka. Ukimpima kibarua halafu majibu anayashika bosi, umempa bosi sababu ya kumwambia kesho usije. Nani atakubali kutoa damu yake kwa mtindo huo? Mimi nisingekubali.

Sheria yetu ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya, lakini kibarua wa siku 20 anayelipwa kwa idadi ya mabomba aliyopiga, nani kamuona? Leo yuko Ilula, mwezi ujao yuko Ngarenanyuki kule Arusha, na kila tajiri atasema mimi nimemkuta hivyo. Ndo maana naona kipimo kimfuate mtu, kisimfuate shamba. Apewe kadi yake kama ile kadi ya kliniki ya mtoto, aiweke mfukoni mwake, akifika zahanati yoyote anaionyesha. Vifaa vya kubebeka vipo, tone la damu kidoleni na majibu ndani ya dakika chache, havihitaji maabara ya mkoa. Hela itoke kwenye tozo ndogo ya kila chupa ya dawa inayouzwa, sio kwa kibarua na sio kwa mkulima mdogo peke yake.

Jamaa yangu kanibana sehemu moja na ana haki: kipimo hiki hakioni mankozebu (dawa ya ukungu) wala pairethroidi (kundi jingine la dawa za wadudu), na nyanya zinapigwa hizo sana. Kweli. Ila hiyo inanifanya nitake vipimo zaidi, sio viachwe kabisa. Na kuna akina mama wanaochuma na kuchambua, hawashiki bomba lakini wanaingia shambani majani bado yana dawa, wakirudi wanafua na nguo za waume zao waliopiga. Wao hata kwenye mjadala wetu wa jana tulikuwa tumewasahau mpaka mke wa jamaa alipoingilia.

Walioko kwenye mashamba ya maua Arusha, nyie mnapimwa kweli? Majibu mnapewa mkononi au yanaishia ofisini? Na aliyewahi kutolewa kwenye dawa, alilipwa zile siku?