Kuondoa yuniti kwenye mlinganyo: njia tatu, ipi bora?

pembetatu
Wakuu, mpira umerushwa juu wima kwa kasi V, tuseme 20 m/s, upepo tuache, ila mvutano unapungua kadri unavyopanda: x'' = −gR²/(x+R)², x ni urefu kutoka ardhini, x'' ni mchapuko wake (x' ni kasi), g ni mchapuko wa mvutano pale ardhini, R ni nusukipenyo cha dunia, km 6,400 hivi. Nataka yuniti zote zitoke, ibaki namba moja tu e = V²/(gR), halafu kwa kuwa ni ndogo niifute, yaani niiweke sifuri. Nimepata njia tatu:
1) urefu gawa kwa R, muda kwa R/V
2) urefu kwa R, muda kwa √(R/g)
3) urefu kwa V²/g, muda kwa V/g
Kialjebra zote ziko sawa, sasa nachaguaje?

mwalimu_H
Weka namba kwanza mkuu. R/V ni sekunde 320,000, karibu siku nne, na mpira wa mkono haukai hewani hata dakika. Ndo maana ya kwanza inakutupa: ukiita y urefu baada ya kugawa, inakuja e·y'' = −1/(1+y)², ukifuta e inabaki 0 = −1/(1+y)², na hakuna y inayotosheleza hiyo.

kalkulasi_tu
Mi napenda ya pili, y'' = −1/(1+y)², e haipo kabisa, safi

mwalimu_H
@kalkulasi_tu ipo, imehamia kwenye kasi ya kuanzia, y'(0) = √e. Ukiifuta hapo mpira unaanza na kasi sifuri alafu unazama ardhini badala ya kupanda!

sayari_ya_tatu
Ya tatu bila kusita. V²/g ni mita 41, V/g sekunde 2, na mpira wenyewe unafika kama mita 20 unarudi baada ya sekunde 4, kwa hiyo y na t (muda baada ya kugawa) zote zinacheza karibu na 1 na udogo wote unabaki ndani ya e peke yake, ambayo hapa ni 0.0000064. Unapata y'' = −1/(1+e·y)², y'(0) = 1, ukifuta e inakuja y = t − t²/2, ile ile ya sekondari.

kalkulasi_tu
Na kama ni chombo kinachorushwa kwa 11.2 km/s kitoke duniani moja kwa moja?

sayari_ya_tatu
Hapo e inafika 2, huifuti tena, na safari yenyewe ni ya ukubwa wa R kweli, kwa hiyo tumia yako ya pili.

pembetatu
Nimeelewa wakuu, shukrani sana. Naenda na ya tatu.