Re: Minneapolis hadi Dallas kwa gari, mimi na watoto watatu

Mama Watatu, Minneapolis:

Assalaam aleikum. Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za siku nyingi.

Kaka yangu anaoa Dallas mwezi wa sita na nimeshasema nitafika. Nauli ya ndege ya watu wanne kwa wiki ile haishikiki, na baba watoto kazini wamemnyima likizo. Kwa hiyo ni mimi kwenye usukani, na nyuma wako watatu: wa miaka 6, wa miaka 3, na wa miezi minane ambaye bado ananyonya. Njia ni barabara kuu ya I-35 tu kutoka hapa mpaka Texas, zinakaribia maili 1,000.

Kuendesha siogopi. Nataka kusikia kwa waliosafiri hivyo bila mtu mzima wa pili garini. Mnaondoka saa ngapi, mnalala wapi, na habari ya choo mnaifanyaje? Shoga zangu hapa wananishauri niondoke usiku watoto wakiwa wamelala, eti kukikucha tuko Dallas.

Mzee wa Saint Paul:

Marahaba binti yangu. Subiri bei ishuke, upande ndege.

Mama Watatu, Minneapolis:

Mzee wangu, nimeisubiri hiyo bei tangu Pasaka, nayo inazidi kupanda tu.

Mama wa Wichita:

Mdogo wangu, barabara hiyo naijua, ndiyo inayonipeleka kwa wifi yangu huko kwenu. Kuendesha kweli si kazi. Kazi ni kusimama. Mkiwa watu wazima wawili, mmoja anabaki na waliolala, mwingine anamkimbiza mwenye haja. Ukiwa peke yako, mmoja akisema kojo, mnashuka wote wanne. Unafungua mikanda, unatafuta kiatu kilichoingia chini ya kiti, mtoto mchanga mgongoni, wa pili mkononi, mkubwa anabeba begi. Mkirudi unafunga mikanda upya na mmoja anakumbuka kwamba naye alikuwa na haja. Nusu saa imekwenda. Kwa hiyo simu ikikuambia Kansas City ni mwendo wa saa sita na nusu, wewe soma saa tisa.

Basi usihesabu miji, hesabu vituo. Mchanga asikae kwenye kiti zaidi ya saa mbili bila kutolewa akajinyoosha, na ndipo hapo hapo utakapomnyonyesha, umbadilishe pampasi, na wenzake wakimbie. Akilia katikati ya safari, atalia mpaka kituo kinachofuata. Najua ni maneno magumu kwa mama, lakini kumtoa kwenye mkanda gari likitembea, hata kwa titi, hapana. Na kiti chake kitazame nyuma; Minnesota tangu Agosti 2024 hilo ni lazima kisheria mpaka atimize miaka 2.

Usimwache mtoto garini, hata kwa kukimbilia kulipa. Joto la gari lililofungwa linaweza kupanda nyuzi 20 za Fahrenheit ndani ya dakika kumi tu. Tena huko Texas ni kosa la jinai kumwacha mtoto wa chini ya miaka 7 garini zaidi ya dakika tano bila mtu wa miaka 14 au zaidi, kwa hiyo huyo wako wa miaka 6 hawezi kuwa mlinzi wa wadogo zake. Lipia mafuta kwa kadi pale pale kwenye pampu, na ujaze tangi likifika nusu. Usingoje taa iwake, maana taa itawaka wakati watatu wote wamelala.

Choo: ingieni kile chumba kikubwa cha wenye ulemavu, mnatosha nyote. Wa miaka 3 ataogopa vyoo vinavyojivuta maji vyenyewe. Chukua karatasi ndogo zile zenye gundi, ubandike moja juu ya kile kijicho cha sensa, uibandue akishamaliza. Na nyuma kwenye buti weka poti. Ndani yake tandika mfuko, juu ya mfuko pampasi, inanyonya mkojo wote, unafunga na kutupa. Poti hiyo itakuokoa Kansas kuliko kitu kingine chochote ulichopakia.

Chakula usiwape mzigo. Chapati zilizokunjwa, mayai ya kuchemsha, ndizi. Vitumbua waachie nyumbani, mafuta yataishia kwenye vioo. Maziwa yasubiri jioni. Mtoto akitapika maziwa garini mwezi wa sita, harufu mtafika nayo harusini. Na mchanga asile chochote gari likitembea. Anatazama nyuma, humwoni, akikabwa hutajua.

Dereva wa lori, Kansas City:

Dadangu, hujambo. Mimi I-35 ndiyo ofisi yangu, acha niseme kuhusu hiyo safari ya usiku.

Wanaokushauri hivyo hawatakuwa kwenye usukani. Watoto watalala, ndiyo. Kisha asubuhi wao wataamka wakiwa na nguvu zao zote na wewe hujafumba jicho, na kutwa nzima ni wako peke yako. Sisi watu wa malori, ambao kazi yetu ni hii na hatuna mtoto anayelia nyuma, sheria inatufunga saa 11 za kuendesha, halafu lazima zipite saa 10 za kupumzika. Tena tukifikisha saa 8 tunasimama nusu saa tupende tusipende. Wewe safari yako nzima ni kama saa 15 za usukani mtupu. Igawe siku tatu: Kansas City, Oklahoma City, halafu Dallas. Siku ya tatu inabaki saa tatu na kitu, utafika una uso wa kupigwa picha.

Ukitaka faida ya usingizi wao, ondoka saa kumi na moja alfajiri. Wabebe na nguo zao za kulalia moja kwa moja kwenye viti. Watazinduka ukiwa umekaribia Iowa, na wewe umelala usiku kama binadamu.

Pima upepo wa matairi, pamoja na spea, kabla hujapakia mizigo. Nimeona watu wamesimama pembeni mwa barabara wakishusha masanduku kumi kutafuta jeki. Kansas kuna upepo wa ubavuni, shika usukani vizuri unapopita lori. Na mwezi wa sita bado ni msimu wa dhoruba huko. Simu ikitoa mlio wa tahadhari ya tonado, toka kwenye barabara uingie jengo imara. Usijifiche chini ya daraja hata ukiona wengine wamesimama hapo, upepo unabanwa pale chini na unapita kwa nguvu zaidi.

Ukifika Denton kaa macho, barabara inagawanyika: 35E ni Dallas, 35W itakupeleka Fort Worth. Hapo hapo Denton kuna Buc-ee's, ile sheli kubwa yenye duka, vyoo vingi na visafi ajabu. Sisi wa malori haturuhusiwi kuingia, nakusimulia ya kusikia kwa mke wangu.

Mama wa Des Moines:

Jambo mama. Ukipita kwetu usikae sheli. Tafuta maktaba ya mji, hata miji midogo ya Iowa inazo. Kuna choo, kuna pembe ya watoto na vitabu na vidude vya kuchezea, na hakuna atakayekuuliza umenunua nini. Mimi na wangu tunatoka hapo saa moja imepita na wamechoka vizuri. Angalia tu siku na saa za kufungua.

Mama Watatu, Minneapolis:

Ahsanteni sana. Hilo la karatasi kwenye kijicho cha sensa nimelisoma kwa sauti, baba watoto kacheka mpaka basi, maana huyo wa miaka 3 ndiye tunayembembeleza kila tukienda dukani.

Maswali mawili. Nasikia kuna tozo Kansas na hawapokei pesa taslimu, ni kweli? Na moteli nachaguaje, mimi na mizigo yote hiyo?

Mama wa Wichita:

Kweli. Kutoka Emporia mpaka mpaka wa Oklahoma I-35 ndiyo hiyo hiyo Kansas Turnpike, barabara ya kulipia, na tangu Julai 2024 hakuna tena kibanda cha kulipia. Kamera inapiga picha namba ya gari, bili inakuja kwa posta kwa mwenye gari. Hakikisha anwani yako ya usajili si ile ya nyumba mliyohama, maana bili ikipotea inazaa faini. Ukichukua K-TAG, kile kibandiko cha kioo cha gari kinacholipa tozo chenyewe, unalipa nafuu, na inasoma Oklahoma na Texas pia.

Emporia yenyewe usiipite. Kuna bustani ndogo ya wanyama, David Traylor, haina kiingilio, na ni ya kiasi cha miguu ya watoto. Wakojoe wote hapo, hata anayeapa hana mkojo, kwa sababu ukishaingia vilima vya Flint Hills, kutoka Emporia hadi eksiti ya Cassoday ni maili 35 za nyasi na ng'ombe. Kabla tu ya Cassoday kuna kituo cha Matfield Green, kiko katikati ya barabara, unaingilia kushoto.

Moteli: ile ambayo milango ya vyumba inafungukia ndani kwenye korido, si nje kwenye maegesho. Omba chumba cha chini na kitanda cha mtoto ukiwa bado nyumbani. Na pakia begi moja tu la usiku, lenye nguo za kesho na pampasi, uliweke juu kabisa ya mizigo. Vingine vilale garini. Mikono yako miwili ina watoto watatu, haina nafasi ya sanduku.

Mimi ningependa ulale kwangu usiku wa pili. Kuna chumba.

Mama Watatu, Minneapolis:

Dada Mungu akuzidishie. Nimeshaweka nafasi Kansas City na Oklahoma City, na nikilala kwako siku ya tatu itakuwa ndefu na jioni yake ndiyo kuna kumwingiza bi harusi hina, siwezi kukosa. Lakini nikitoka Kansas City saa mbili asubuhi na tukicheza Emporia, nadhani saa saba na nusu mchana niko mlangoni kwako. Chakula cha mchana nitakula, na watoto watahitaji uwanja. Namba ya simu na anwani nitumie pembeni, usiiweke hapa.

Dereva, mwambie shemeji kwamba Denton nitasimama.