Dóra Maurer: uzi unaoziunganisha kazi zake ni upi?

Mpenda_Chapa:
Ndugu zangu, kadiri ninavyozitazama kazi za Dóra Maurer, msanii wa Hungaria aliyezaliwa Budapest mwaka 1937, ndivyo ninavyozidi kushindwa kuziunganisha. Kuna chapa za bamba (picha zinazochapwa karatasini kwa bamba la chuma lililochorwa), picha za kamera zilizopangwa safu kwa safu, filamu zisizo na hadithi, kisha michoro mikubwa inayofanana na karatasi za rangi zilizopinda na kuelea ukutani. Je, upo uzi mmoja, au alihamahama tu?

Fundi_Bamba:
Uzi upo, na unaanzia kwenye uchapaji, ambao aliusomea katika chuo cha sanaa cha Budapest. Mchapaji hujifunza mapema kwamba picha ni alama ya tendo: bamba likikwaruzwa, likikunjwa au likiliwa na asidi, karatasi itayatangaza yote. Mwaka 1970 alilirusha bamba kutoka mahali pa juu sana, kisha akalichapa na majeraha yake. Ukilielewa hilo, filamu yake ya Timing (1973/1980) haitakushangaza. Anakikunja kitambaa cheupe mbele ya giza, nusu kwa nusu. Kisha anarudia tendo lilelile huku sehemu ya lenzi ikiwa imezibwa, hata vipande vilivyorekodiwa nyakati mbalimbali vikakaa bega kwa bega ndani ya fremu moja. Kwa kuwa hakuna mikono inayokunja mara mbili kwa kasi ileile, vipande havilingani, na kule kutolingana ndiko kazi yenyewe.

Mtazama_Rangi:
Kwa miaka ya 1970 nakubali, ila kanuni pekee, yaani masharti anayojiwekea kabla ya kuanza kazi, haitoshi kuieleza michoro ya baadaye. Mnamo 1982 na 1983 alipaka rangi chumba kizima katika ngome ya Buchberg, Austria, ambako mpangilio wake ulilazimika kupita kwenye kuta, pembe na dari, huku mwanga wa mchana ukizibadilisha rangi. Baada ya hapo maumbo yalianza kupinda na kulaliana, na jicho la mtazamaji likapewa kazi ambayo awali ilifanywa na mfumo.

Fundi_Bamba:
Sikatai, ingawa hata rangi zinazolaliana hazipangwi kwa kubahatisha.

Mwalimu_wa_Sanaa:
Msisahau ufundishaji wake. Kati ya 1975 na 1977, yeye na Miklós Erdély, msanii mwenzake wa Hungaria, waliongoza mazoezi ya ubunifu mjini Budapest, wakichanganya mwendo wa mwili na uchoraji. Hayo yalifanyika wakati serikali ya kikomunisti ya Hungaria ikiigawa sanaa katika mafungu matatu: inayoungwa mkono, inayovumiliwa na iliyopigwa marufuku. Kwa hiyo sioni ubaridi wowote katika kanuni zake, kama wanavyodai baadhi ya wahakiki. Anayejiwekea masharti yake mwenyewe chini ya utawala wa namna hiyo ameshachagua upande. Tate Modern, jumba la sanaa ya kisasa la London, ilimfanyia maonyesho mwaka 2019, akiwa amepita miaka themanini.