Nimemaliza uzamili wa ushauri nasaha, deni linapanda badala ya kushuka

Mnasihi Mpya:
Habarini wadau. Huu ni mwaka wangu wa pili tangu nihitimu uzamili wa saikolojia ya ushauri nasaha. Nilisoma kwa mkopo. Deni ni sawa na mishahara yangu ya miezi 24, riba asilimia 7 kwa mwaka, nakatwa asilimia 10 ya mshahara kila mwezi. Jana nimefungua taarifa ya mkopo nikakuta deni ni kubwa kuliko siku niliyovaa joho. Nililia.

Leseni bado, natimiza saa za kufanya kazi chini ya msimamizi, na nalipwa kwa kikao kilichofanyika tu. Jumanne nilipangiwa wateja 6. Wawili hawakutokea, mmoja wao alituma ujumbe zimebaki dakika 10. Nikabaki natazama kiti kitupu, muda ambao hakuna anayenilipa. Usiku nikaandika kumbukumbu za wale 4 mpaka saa 5. Kazi naipenda mno. Je, nirudi kusoma uzamivu ili kipato kipande, au niache?

Kikokotoo:
Pole sana. Riba yako ya mwaka ni karibu mshahara 1.7 wa mwezi, wewe unalipa 1.2. Pengo ni kama nusu mshahara kila mwaka, ndiyo maana linapanda. Ili lisimame tu palepale, unatakiwa ufikishe asilimia 14. Muulize mkopeshaji: riba isiyolipwa inakaa pembeni au inaongezwa kwenye deni la msingi? Ikiongezwa, unatozwa riba juu ya riba.

Kiti cha Pili:
Niko mwaka wa 11 kwenye kazi hii. Tafadhali usiache sasa. Uzamili unakufungulia mlango tu; kipato hubadilika ukipata leseni, maana hapo unaweza kuona wateja kwa jina lako. Umebakiza saa ngapi?

Halafu hilo la viti vitupu lisemee. Vituo vingi humtoza mteja asiyetoa taarifa saa 24 kabla. Kama chenu kinatoza, sehemu ya hiyo pesa ni haki yako. Na kumbukumbu andika mteja akitoka tu, hata mistari 5. Mimi nilizipeleka nyumbani miaka mitatu, zikanimaliza.

Nuru ya Asubuhi:
Uzamivu nimeupitia. Miaka 5, na riba ya mkopo wa zamani ilihesabiwa muda wote huo. Nenda kama chuo kinakulipia ada na posho, na unataka kufundisha au kufanya utafiti. Kwa kukimbia deni, hapana.

Mnasihi Mpya:
Asanteni, nimelala vizuri jana. Nimebakiza saa 640. Nikihesabu kila kikao saa 1, kwa vikao 16 ninavyopata kwa wiki, ni wiki 40. Mkopeshaji amejibu: riba inaongezwa kwenye deni kila mwisho wa mwaka. Natafuta hiyo asilimia 4 ya ziada, nitachukua kazi ya kufundisha jioni moja kwa wiki. Ijumaa naonana na mkuu wa kituo kuhusu wasiotokea. Naanzaje?

Kiti cha Pili:
Anza na hesabu, malalamiko yasubiri: "Mwezi huu nilipangiwa vikao 88, vimefanyika 64. Kwa hivyo 24 nilikuwepo, mteja hakuwepo. Naomba tukubaliane vinalipwaje." Kisha nyamaza, ajibu yeye.