Mfereji unaunganishaje mabonde mawili ya maji yasiyokutana?

Mtaka_Kujua:
Wakuu, naomba ufafanuzi wa kihandisi. Tishari linaweza kutoka Ziwa Michigan, likapita Chicago, likaingia mto Illinois na kuteremka Mississippi hadi Ghuba ya Meksiko. Ujerumani nako kuna njia ya kutoka Rhine hadi Danube. Kwa asili mabonde haya hayakutani, katikati kuna mgongo wa ardhi. Chombo kinauvukaje? Maji ya pale juu yanatoka wapi, maana kila chombo kikipita yanashuka? Na samaki je?

Pampu_na_Vali:
Mkuu, ama unaukata mgongo hadi maji yapite yenyewe, ama unaupanda kwa ngazi za vyumba vya maji na kupeleka maji juu.

Chicago wamefanya yote mawili. Mgongo wa pale ni mdogo mno, mita chache tu juu ya ziwa, na zamani palikuwa na kinamasi ambacho watu walivuka wakiburuta mitumbwi. Mfereji wa kwanza, wa 1848, ulikuwa wa kina kifupi, hivyo sehemu ya juu ililishwa kwa pampu za mvuke. Mwaka 1871 wakauchimba zaidi ili maji ya ziwa yateremke bila pampu, lakini mvua kubwa zikinyesha mto Chicago ulirudi ziwani na majitaka yake, na ziwani ndiko mji ulikochota maji ya kunywa.

Mfereji mkubwa ukafunguliwa Januari 1900: kilomita 45 hadi Lockport, kina kama mita 7. Sakafu yake iko chini ya usawa wa ziwa, kwa hiyo mto uligeuka ukaanza kukimbia kinyume. Kinachoushika usikimbie ovyo ni bwawa la Lockport. Hapo ndipo chombo hushushwa takriban mita 12 ndani ya chumba chenye malango mawili. Malango ya juu yakishafungwa, vali zinafunguliwa, maji yanatoka kwa uzito wake, na usawa ukilingana na wa nje malango ya chini yanafunguliwa. Pampu haihusiki kabisa katika kuinua wala kushusha meli. Wengi hudhani inahusika.

Kiasi cha maji kina kikomo cha kisheria pia. Majimbo jirani yalishtaki, na Mahakama Kuu ya Marekani iliweka kikomo cha futi za ujazo 3,200 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 90 hivi.

Mlinda_Lango:
Naongezea Ujerumani, maana swali la maji ya juu linajibika vizuri zaidi kule. Mfereji wa Main-Danube (1992) una kilomita 171 na vyumba 16. Kilele chake kiko mita 406 juu ya bahari, na hakuna mto wa kutosha kukilisha. Maji yanapandishwa kwa pampu kutoka upande wa Danube. Sehemu yake inaendelea upande wa pili kuongeza maji katika mito ya kaskazini mwa Bavaria, ambako ni kukavu zaidi.

Sasa piga hesabu. Chumba cha Hilpoltstein: urefu mita 190, upana 12, kimo cha kuinua 24.67. Hiyo ni kama mita za ujazo 56,000 kwa kila mshuko! Dawa yake ni mabeseni matatu ya ngazi kando ya chumba. Wakati wa kushusha, tabaka la juu la maji linaingia beseni la juu, linalofuata la kati, kisha la chini. Sehemu mbili kati ya tano, zile za mwisho, ndizo zinazopotea. Wakati wa kujaza, mabeseni yanarudisha sehemu tatu kati ya tano, na kilele kinatoa zilizobaki, kama mita za ujazo 22,500. Ukiongeza mabeseni unaokoa zaidi, ila faida inapungua na muda wa kusubiri unaongezeka.

Mtaka_Kujua:
Shukrani wakuu. Samaki sasa. Kwa nini wasizibe tu pale Chicago?

Pampu_na_Vali:
Kwa sababu majitaka ya mji yaliyosafishwa na maji ya mafuriko yanatokea huko huko. Ukiziba bila kujenga njia nyingine, yanarudi ziwani.

Viumbe wanaoshuka na mkondo hawazuiliki. Kome wa milia waligunduliwa kwenye Maziwa Makuu 1988. Mabuu yao huelea, na kufikia 1991 walikuwa mto Illinois. Wanaopanda ndio wanaopiganiwa: kapi kutoka Asia, walioletwa kwa ajili ya mabwawa ya samaki. Tangu 2002 kuna kizuizi cha umeme Romeoville, kwenye mfereji huo huo, elektrodi (vyuma vya kupitisha umeme) chini ya mfereji zikitoa mapigo ya umeme. Udhaifu wake: samaki mdogo huupata mshtuko hafifu kuliko mkubwa, na chuma cha tishari huuvuruga umeme, kiasi kwamba visamaki hubebwa katika mwanya kati ya tishari na tishari. Tena mto Des Plaines unapita kando kwa kando na mfereji. Ukifurika, samaki anakizunguka kizuizi. Ndiyo maana 2010 wakajenga uzio wa kilomita kama 21 kati ya mto na mfereji.

Mlinda_Lango:
Ndiyo maana pia mpango mpya umehamia Brandon Road, Joliet, chini ya Lockport. Bwawa la pale lina kimo cha kutosha, samaki hawezi kuliruka hata mto ukifurika, kwa hiyo amebakiwa na mlango mmoja tu, chumba cha meli. Hapo unaweza kurundika kinga zote mahali pamoja: umeme, sauti, pazia la viputo la kuwafukuza visamaki waliojificha kati ya matishari, na kukisukutua chumba kabla ya malango ya juu kufunguliwa.